Umeomba chuo cha uuguzi na majibu bado: mambo ya kufanya mpaka siku ya kuripoti

Kila mwaka ikifika Julai, vijana wa mtaani kwetu hunijia na swali lile lile: "Dada, majina ya uuguzi yametoka?" Nikiwauliza waliomba kwa akaunti gani, vyuo vipi, kwa mpangilio upi, wengi hubaki wananitazama. Wameomba, wamelipa, kisha wamekaa. Mimi ni muuguzi wa miaka 12 kazini, sehemu kubwa wodi ya wazazi, na nimeona watoto waliokosa nafasi zao wakiwa tayari wamechaguliwa. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo lililonifanya niandike. Miezi ya kusubiri ina kazi zake, na kazi hizo zisipofanyika kwa wakati, hata jibu zuri linaweza kukupita.

Ninaongea zaidi na aliyemaliza kidato cha nne hapa Tanzania akaomba Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, ile ya miaka mitatu inayoanzia ngazi ya 4 hadi ya 6 ya NTA, yaani ngazi za kitaifa za tuzo za elimu ya ufundi. Aliyeomba shahada chuo kikuu nitamgusa njiani.

Kwanza: hakikisha maombi ni yako kweli

Anza hapa leo hii, kabla ya kusoma sehemu nyingine.

Mtoto wa mama yangu mdogo aliombewa na kijana wa steshenari. Kijana hakuwa na nia mbaya. Foleni ilikuwa ndefu, binti hakuwa na barua pepe, basi akamtengenezea moja papo hapo na akajaza namba yake mwenyewe ya simu ili kazi iende haraka. Majina yalipotoka, ujumbe ulikwenda kwa kijana, na kijana alikuwa ameshahamia mji mwingine. Sisi tulikuja kujua wakati chuo kimeshafunga kupokea wanafunzi wapya. Alipoteza mwaka mzima, na alikuwa amechaguliwa.

Kwa hiyo rudi pale ulipoombewa ukiwa na daftari. Andika kwa mkono wako: jina la kuingilia kwenye akaunti, nywila, barua pepe iliyotumika pamoja na nywila ya hiyo barua pepe, namba yako ya mtihani kamili kama ilivyo kwenye matokeo ya NECTA, vyuo na kozi ulizochagua kwa mpangilio wake, na tarehe uliyolipa. Risiti ipige picha. Kisha ingia mwenyewe kwenye akaunti, kwa simu yako au ya ndugu, huyo mtu akiwa hajaondoka mbele yako. Ukishaingia badilisha nywila.

Ukiwa humo ndani tazama mambo mawili. La kwanza ni namba ya simu. Kama si yako wala ya mtu wa nyumbani kwenu, ibadilishe. Mfumo ukikataa, wasiliana na NACTVET, baraza linalosimamia udahili wa vyuo vya kati, kupitia mawasiliano yaliyo kwenye tovuti yao au nenda ofisi yao ya kanda iliyo karibu, ukiwa na matokeo na kitambulisho. Na hiyo laini uiweke hai. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na ujumbe wako hautafika.

La pili ni kama maombi yamekamilika. Kulipa ada ya maombi ni hatua mojawapo tu. Nimeona akaunti ambayo imelipiwa lakini vyuo havikuchaguliwa, na nyingine ambayo vyuo vimechaguliwa lakini ombi halikutumwa mpaka mwisho. Dirisha likiwa bado wazi, hilo linarekebishika kwa dakika tano. Likishafungwa, unasubiri awamu nyingine.

Pili: jua unasubiri nini, kutoka kwa nani

Hapa wengi huchanganya. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET (zamani tukiita NACTE), ndilo linalosimamia udahili wa vyuo vya kati. Kama uliomba kupitia mfumo wake wa pamoja, ule unaoitwa CAS, majibu yako yako kwenye akaunti ya CAS. Kama uliomba chuoni moja kwa moja, kama wanavyofanya waombaji wa vyuo vya Zanzibar, chuo chenyewe ndicho kitakachokujibu, na ndicho cha kukipigia simu. Shahada ni mlango mwingine: unaomba chuo kikuu husika, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayoratibu.

Sasa elewa wanavyochagua, maana ukielewa utapunguza maumivu. Sifa ya chini ya kuingia stashahada ya uuguzi ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huongeza uzito. Lakini kuwa na D zako nne kunakuruhusu kuomba tu. Kila chuo kina idadi ya wanafunzi kilichoruhusiwa kuwachukua kwa kila kozi, na wanaoomba wakizidi idadi hiyo, wenye ufaulu wa juu zaidi hutangulia. Ndiyo maana binti mwenye D tatu za sayansi akiomba vyuo vya Dar es Salaam peke yake hukosa, huku mwenzake wa matokeo yale yale aliyeomba Newala, Nachingwea au Kibondo akapata. Ukiona neno linalosema una sifa lakini hukuchaguliwa, maana yake umezidiwa ushindani katika vyuo vile ulivyovitaja. Usilisome kama hukumu juu ya uwezo wako wa kuwa muuguzi.

Kuhusu kalenda: matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, wanafunzi wa kidato cha tano huripoti Julai, matokeo ya kidato cha sita nayo hutoka Julai, vyuo vya kati hufungua kati ya Septemba na Oktoba, vyuo vikuu Oktoba hadi Novemba. Udahili huenda kwa awamu, na tarehe zenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka. Tafuta tangazo la mwaka huu kwenye tovuti ya NACTVET, andika tarehe zake ukutani au nyuma ya daftari. Kisha ingia kwenye akaunti mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, na kila siku ile wiki ambayo tangazo limesema majibu yatatoka. Kukesha unafungua ukurasa ule ule usiku kucha hakuleti jina, na bando linakwisha.

Tatu: kidato cha tano kimekuita, uuguzi bado. Uende?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wazazi wengi hulipatia jibu la hasira. TAMISEMI wameshampangia mtoto shule, tahasusi labda ni PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), anatakiwa aripoti Julai. Majibu ya uuguzi yatatoka baadaye. Mtoto anasema haendi, anasubiri chuo.

Mimi husema aende. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa mbachao ni nafasi ya shule ambayo tayari ina jina lako. Asiyeripoti ndani ya muda uliowekwa hupoteza nafasi hiyo, na chuo nacho hakijaahidi chochote. Nenda shuleni, soma, na umwachie mzazi au kaka akaunti na nywila aingie kila wiki, maana shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Mkubaliane kabisa: jina likitoka, nani atakufuata shuleni, na nauli iko wapi. Ukichaguliwa, utaondoka kwa utaratibu, kwa kuandika barua kwa mkuu wa shule na kurudisha vitu vya shule.

Lakini kuna mahali ambapo nageuza ushauri wangu. Kama familia itauza mbuzi wa mwisho kununua godoro, sare na vifaa vya kidato cha tano, halafu mwezi wa tisa isiwe na kitu cha kulipia chuo, basi kaeni chini mpige hesabu kwanza. Na kama mtoto amepangiwa tahasusi ya sanaa na moyo wake uko kwenye uuguzi, kumbuka kwamba matokeo yake ya kidato cha nne hayafi. Hata baada ya kidato cha sita anaweza kuyatumia kuomba stashahada.

Aliyepangiwa PCB au CBG anajenga pia njia ya pili: kumaliza kidato cha sita na kuomba Shahada ya Uuguzi moja kwa moja Muhimbili (MUHAS), Bugando (CUHAS), KCMC au Chuo Kikuu cha Dodoma. Wauguzi wenzangu walioanza na stashahada nao walifika huko, wakarudi kusoma shahada baadaye wakiwa na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 au zaidi. Njia zote mbili zinafika.

Nne: karatasi

Fungua bahasha ya vyeti na ulinganishe majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya NECTA, kitambulisho cha NIDA au namba yake kama unayo. Kwenye cheti kimoja wewe ni Rehema Juma, kwenye kingine Rehema Juma Hamisi, kwenye kingine Rehma. Nyumbani wanakujua, lakini ofisi haikujui. Tofauti ndogo kama hizi humalizwa kwa hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, na kuitafuta wiki ya kuripoti ni mateso. Ifanye sasa.

Cheti cha kuzaliwa kama huna, anza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au ofisi ya mkuu wa wilaya leo. Kama unacho, fahamu kwamba ukiomba mkopo utatakiwa kukihakiki RITA. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo pia.

Cheti chenyewe cha kidato cha nne hufika shuleni miezi kadhaa baada ya matokeo. Pigia shule simu ukiulize, kifuate, na cheti cha kumaliza shule usikisahau. Toa nakala na uzithibitishe kwa wakili, kisha vyeti halisi vikae mahali pakavu kwa mtu mmoja anayewajibika.

Tano: pesa

Huu ndio ugonjwa mkubwa. Nimeshuhudia mtoto kachaguliwa, nyumba nzima ikashangilia, wiki tatu baadaye yuko sokoni anauza nyanya kwa sababu ada ya awamu ya kwanza haikupatikana.

Usisubiri fomu za kujiunga ndipo uulize ada. Pigia simu kila chuo ulichoomba na uulize: ada kwa mwaka ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu ngapi, siku ya kuripoti wanataka kiasi gani mkononi, bweni lipo au unapanga nje, sare zinashonwa wapi. Vyuo vya serikali na vya binafsi vinatofautiana sana, na hata vya binafsi kwa vyenyewe havifanani. Ongeza bima ya afya, ambayo kwa wanafunzi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na ongeza nauli. Mtu wa Bukoba aliyechaguliwa Newala anavuka nchi nzima. Atahitaji nauli, chakula cha njiani na mahali pa kulala.

Kisha mzazi aitazame kalenda ya mavuno. Minada ya korosho Mtwara na Lindi huanza Oktoba, na malipo huja baadaye. Chuo kinakutaka Septemba au Oktoba. Wenye korosho watabanwa katikati hapo kila mwaka wasipojipanga. Mwenye mahindi naye hujikuta anayauza yote Julai kwa bei ya chini kwa hofu, wakati chuo kingekubali nusu. Ukijua mapema kwamba ada inalipwa kwa awamu mbili au nne, unaweza kuuza gunia chache sasa na kuacha mengine yapande bei. Mkiwa na kikundi cha kuweka na kukopa, omba zamu yenu iangukie mwezi wa kuripoti.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, yaani HESLB: dirisha lake hufunguliwa na mara nyingi hufungwa kabla hujajua chuo, kwa hiyo anayesubiri majibu kwanza huukosa. Anayeomba shahada ya uuguzi aombe bila kusita. Kwa stashahada kuwa mwangalifu. Bodi ilianza kukopesha ngazi hiyo mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa kozi zilizotajwa kwa majina tu, na neno "afya" kwenye kichwa cha orodha halina maana kwamba kila kozi ya afya imo. Fungua mwongozo wa mwaka huu, tafuta neno uuguzi kwenye orodha, ndipo ulipe shilingi 30,000 ya maombi. Usipoliona, hiyo 30,000 ni bora ikae kwenye nauli.

Sita: watu watakaokupigia

Wakati wa majina simu hizi huwa nyingi. "Mimi niko wizarani." "Nafasi imebaki moja, tuma laki mbili nikushikie." Anajua jina lako, anajua hata chuo ulichoomba, na sauti yake ni ya upole. Usitume chochote. Malipo ya taasisi za serikali hupita kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, na ukiiweka kwenye simu hukuonyesha jina la anayelipwa kabla hujathibitisha. Chuo binafsi kitakupa akaunti ya benki yenye jina la chuo. Namba ya simu ya mtu binafsi si njia ya kulipia ada mahali popote.

Kuna pia chuo chenyewe kuwa na mashaka. Kabla ya kulipa, tafuta jina lake kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET. Vya afya huwa na namba ya usajili inayoanza REG/HAS. Angalia kama kozi ya uuguzi hasa imeidhinishwa pale, maana chuo kinaweza kusajiliwa kwa famasia peke yake. Nalisisitiza hili kwa sababu ukimaliza utalazimika kufanya mtihani na kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndipo upate leseni, na cheti cha kozi isiyotambulika hakikufikishi kwenye chumba hicho cha mtihani.

Na zile orodha za majina zinazosambazwa kwenye WhatsApp, linganisha na akaunti yako. Wengine hutuma orodha ya mwaka jana.

Saba: mwili na kichwa

Nenda hospitali ya wilaya uulizie kipimo na chanjo ya homa ya ini B. Muuguzi hushika damu tangu mafunzo ya vitendo, na chanjo hii ina dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukianza Julai, unaingia wodini ukiwa na mbili.

Soma Baiolojia ya mwili wa binadamu upya, taratibu, hasa mzunguko wa damu na mfumo wa uzazi. Soma kwa Kiingereza, kwa sababu darasani ndiyo lugha ya vitabu. Na kama Hisabati au Kiingereza vilikuangusha kidato cha nne, fikiria kurudia Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Utakapotaka shahada siku za usoni, vyuo vikuu vitayatazama tena matokeo hayo hata kama stashahada yako ni nzuri.

Kaa pia na muuguzi yeyote unayemfahamu umuulize kuhusu zamu ya usiku, kuhusu siku ambayo mgonjwa anakufia mikononi. Baadhi ya waliokuja kwangu walibadili mawazo baada ya mazungumzo hayo, na nikawaheshimu. Wengine walitoka wakiwa na hamu zaidi.

Nane: siku majibu yakitoka

*Umechaguliwa.* Piga picha ya ukurasa, pakua fomu za kujiunga siku hiyo hiyo, na utafute tarehe ya mwisho ya kuripoti kabla ya kusoma kitu kingine. Fomu ya uchunguzi wa afya hujazwa na daktari wa hospitali, na vipimo huchukua siku, basi ianze kesho yake. Aliyechaguliwa shahada kwenye zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu ndani ya muda wa TCU. Ikiwa ada haijatimia, piga simu chuoni kabla ya tarehe, omba kuzungumza na ofisi ya udahili, sema una kiasi gani na kingine kitapatikana lini, na uombe jibu la maandishi. Wakuu wa vyuo wengi ninaowajua humsikiliza anayepiga mapema. Asiyetokea na hajasema lolote, nafasi yake hupewa mwingine.

Ukisharipoti, baada ya wiki chache uliza ofisi ya udahili kama jina lako limepelekwa na kuhakikiwa NACTVET. Usione haya kuuliza mara mbili.

*Hukuchaguliwa awamu hii.* Lia kama unataka kulia, ila kesho yake asubuhi fungua akaunti. Awamu inayofuata huonyesha vyuo vyenye nafasi zilizobaki, na kosa kubwa ni kurudia vyuo vile vile vilivyojaa. Tazama mikoa ya mbali, tazama vyuo vilivyo chini ya hospitali za mashirika ya dini kama Haydom, Peramiho, Ndanda, Sumve na Kolandoto, ukiuliza ada kwanza. Vijijini huko hospitali ni kubwa, wagonjwa ni wengi, na mwanafunzi hushika kazi mapema. Muuguzi aliyenifundisha kupokea mtoto aliyetanguliza makalio alisomea mahali ambapo mjini hawapajui.

*Awamu zote zimepita.* Baadhi ya vyuo huchukua wanafunzi Machi, fuatilia tangazo hilo kuanzia Desemba uone kama uuguzi umo. Kama kilichokukwamisha ni Fizikia au Kemia, jiandikishe kurudia somo hilo moja au mawili, ukiwa na mwalimu wa jioni na ratiba ya kweli. Dirisha la watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mapema mwaka, na ukichelewa unalipa na faini. Daftari lenye nywila na risiti usilitupe. Akaunti ile, barua pepe ile na vyeti vile vilivyokwisha kurekebishwa majina ndivyo utakavyoingia navyo dirisha lijalo.